Baraza la Akina Mama: Samaki wa Ijumaa Bila Karai la Mafuta



Akina mama wapenzi, juma hili ninayo barua ya mama mmoja wa upande wa Geita. Ameniomba nisitaje jina lake wala kijiji chake, nami nitamtii. Habari yake ni hii. Ijumaa moja ya Kwaresima alikuwa akikaanga sato katika karai juu ya mafiga. Mjukuu wake wa miaka minne akaja mbio akimfukuza kuku, akaligonga karai, na mafuta yakammwagikia mkononi. Mtoto amepona, lakini kovu analo. Kijana wa mama huyu, ambaye hufanya kazi mgodini, aliposikia habari hizo alinunua kikaangio cha hewa akakileta nyumbani. Mkewe naye ameona katika simu picha za vyakula vya Kijapani vilivyopikwa kwa mashine ya namna hiyo, anatamani kujaribu. Baba wa nyumba amekataa. Asema dubwana hilo litakula umeme wote, afadhali liuzwe zipatikane fedha za sare za shule. Mama auliza: “Niuze, au nipike?”

Kabla ya kumjibu, sharti niseme neno juu ya mtoto. Katika barua yake mama aeleza kwamba jirani alimpaka mtoto dawa ya meno, na mwingine akaleta ute wa yai. Walifanya kwa upendo, lakini si vema. Mtu akiungua kwa mafuta, mwondoe penye moto, mvue pete au bangili na nguo iliyoloa mafuta, isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi. Kisha mmwagilie maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Ndiyo, 20 nzima! Halafu mfunike jeraha kwa kitambaa safi, mkaende zahanati. Na mafuta yakiwaka moto karaini, usiyamwagie maji kamwe. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafula, na kuurusha moto hadi darini. Funika karai kwa mfuniko, uzime na jiko.

Sasa tuje kwa mashine. Wengi hudhani kwamba kinachokifanya chakula kilie menoni ni wingi wa mafuta. Sivyo. Ni kuondoka kwa maji. Samaki mbichi, kiazi, nyama, vyote vimejaa maji, na maji yanapochemka hayapandi joto zaidi ya digrii 100 (huku kwetu Shinyanga, kwa kuwa tuko juu ya usawa wa bahari, hata hazifiki 100). Kwa hiyo maadamu uso wa chakula umelowa, hauwezi kukauka wala kupata rangi. Mafuta ya digrii 180 huyafukuza maji ya juu upesi, ndiyo maana tunayatumia. Zile kelele za karaini ni maji yanayokimbia.

Na jambo hilo, ndugu zangu, nani atatufundisha sisi? Bibi zetu wa Usukuma walikata viazi vitamu wakavianika juani, wakapata michembe. Walivichemsha kwanza ndipo wakavianika, wakapata matobolwa. Majani ya kunde wakayafanya nsansa. Mashine ya kijana wako yafanya kazi ile ile ya jua na upepo, ila kwa haraka na kwa joto kali. Ndani yake mna waya unaopata moto, na juu yake pangaboi dogo linaloipuliza hewa ya moto kukizunguka chakula. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha mashine ya namna hii huko Berlin mwaka 2010, na tangu hapo viwanda vingi vimeiga. Si kikaango hasa. Ni tanuri dogo lenye upepo mkali.

Juu ya vyakula vya Kijapani, wapo watakaocheka. Mkulima wa Msalala na chakula cha Wajapani wapi na wapi? Basi sikilizeni. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipokuwa safarini kwenda Bara Hindi, meli yake ilitia nanga Malindi, katika pwani yetu hii, mwaka 1542. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, akashuka Kagoshima, Japani. Wareno waliokuwa wakifanya biashara huko, pamoja na mapadre, walikuwa na desturi ya kuacha nyama siku za kufunga na kula samaki na mboga zilizochovywa katika unga na kukaangwa. Wajapani wakajifunza upishi huo, wakaufanya wao, nao leo huitwa tempura. Wataalamu wengi husema jina hilo latokana na Kilatini, Quatuor Tempora, yaani siku za kufunga za Majira Manne, ambazo wazee waliobatizwa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wanazikumbuka: Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, mara nne kwa mwaka. Wengine hulitoa jina hilo katika neno la Kireno la kuunga chakula. Lo lote lililo kweli, asili yake ni chakula cha siku isiyo na nyama. Na Wareno hao hao ndio waliotuachia sisi neno “meza”, na Wajapani wakawaachia neno “pan”, maana yake mkate. Chenga za mkate ambazo Wajapani hufunikia samaki wao huitwa panko. Kumbe si wageni sana!

Lakini hapa ndipo wengi wanapoharibu, na pengine ndipo mkwe wako atakapovunjika moyo. Tempura ya kweli haiwezekani katika mashine hii. Ule uji wa unga hudondoka katika matundu ya kikapu, na pangaboi huupeperusha kabla haujashika. Utabaki na samaki uchi na mashine iliyochafuka. Tempura yahitaji mafuta, na yahitaji uji wa baridi sana uliokorogwa kidogo tu, maana unga wa ngano ukikorogwa mno hunata kama wa chapati. (Asiye na friji achukue maji ya mtungini asubuhi mapema, ni baridi ya kutosha.) Kwa mashine, chagueni vyakula vinavyofunikwa kwa unga mkavu au chenga kavu. Nami nimevijaribu vitatu.

Cha kwanza ni sato kwa chenga za mkate. Chukua mkate wa jana au wa juzi, ondoa maganda, uchambue kwa vidole au kwa kikwaruzo upate chenga kubwa kubwa, si unga. Zianike juani chini ya kitambaa chepesi, kama unavyoanika michembe, mpaka zikauke kabisa. Kisha, na hii ndiyo siri, zikaange kikaangoni kwa kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti au ya pamba, ukikoroga, hadi ziwe na rangi ya dhahabu. Watu wa Geita sina haja ya kuwafundisha rangi ya dhahabu. Usipofanya hivyo, samaki ataiva na chenga zitabaki nyeupe kama vumbi la barabara ya Kakola.

Sato mpasue minofu, ondoa miiba, mtie chumvi na ndimu kidogo, mwache dakika kumi. Halafu mfute kwa kitambaa safi mpaka awe mkavu. Usiruke hatua hii. Mpake unga wa ngano, umkung'ute, mchovye katika yai lililopigwa, kisha mgandamize katika chenga pande zote. Washa mashine tupu dakika tatu ipate moto, kwa digrii 190. Panga minofu isigusane wala kupandana, maana hewa sharti ipite. Dakika 10 au 12 zatosha, ukigeuza mara moja. Vunja kipande: nyama ikiachana vipande vyeupe visivyong'aa, ameiva. Sangara naye anafaa, lakini mnofu wake ni mnene, mkate vipande vya unene wa kidole.

Cha pili ni kuku, kwa siku isiyo Ijumaa. Wajapani hukiita karaage. Kata mapaja vipande vya kutosha mdomo, vitie tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa, na mchuzi wa soya kama waupata madukani. Ukiukosa, chumvi na ndimu vyatosha. Acha nusu saa, kaushe, kisha vigaragaze katika wanga. Wao hutumia wanga wa viazi. Sisi tunao unga wa muhogo, nao hukauka vizuri kuliko ngano. Paka mafuta juu kwa brashi au kwa unyoya safi wa kuku, pasibaki doa jeupe la unga. Digrii 200, dakika 15 hadi 18, ukigeuza katikati. Kuku wa kienyeji aliyezeeka usimpike hivi, utavunja meno. Chemsha kwanza au tumia kuku mchanga. Maji yanayotoka penye nyama nene yawe meupe, yasiwe mekundu.

Viazi vitamu ni rahisi kuliko vyote. Kata vipande vyembamba, loweka robo saa, futa, paka kijiko kimoja cha mafuta, digrii 180, dakika 15, ukitikisa kikapu. Watoto watavimaliza kabla hujakaa.

Sasa baba. Malalamiko yake si ya kijinga, na mama asimjibu kwa hasira. Mashine nyingi za kiasi cha nyumba huvuta wati 1,500 hivi. Wati 1,000 kwa saa nzima ni uniti moja. Basi dakika 20 kwa wati 1,500 ni nusu uniti. Ukipika mara tatu kwa juma, ni uniti 6 au 7 kwa mwezi. Upande wa pili weka mafuta: karai moja lataka lita nzima au karibu yake, nayo ukiyarudia mara nyingi hugeuka meusi, hutoa moshi na hunuka, wala hayafai tena. Kwa mashine, samaki wa watu watano wanataka vijiko viwili. Hesabu hiyo baba ataifahamu.

Hata hivyo anazo sababu mbili za haki. Kwanza, kikapu ni kidogo. Nyumba ya watu kumi, utapika mara tatu, wa kwanza amemaliza wa mwisho hajaanza, na umeme ndio huo wazidi. Pili, waya. Mashine hii isichomekwe katika waya mwembamba wa kuunganishia pamoja na pasi au redio. Huo waya hupata moto na waweza kuunguza nyumba. Iwe na soketi yake ukutani. Na wale wenye sola ndogo ya taa na simu, msijaribu hata kidogo, haitawaka. Kwa nyumba isiyo na umeme wa gridi, au inayolazimika kukopa ili kuinunua, nasema wazi: msiinunue.

Maana njia nyingine ipo, nanyi mwaijua kwa kuoka keki. Weka mchanga safi mkavu ndani ya sufuria kubwa, juu yake vijiwe vitatu, funika, ipate moto kwenye jiko la mkaa kwa dakika 15. Panga samaki wako wa chenga katika sahani ya bati iliyopakwa mafuta, itue juu ya vijiwe. Funika kwa mfuniko wa bati, na juu ya mfuniko palia makaa, mengi kuliko ya chini. Acha mfuniko wazi kidogo upande mmoja ili mvuke utoke. Ukiubana, utapata samaki wa kuchemsha. Dakika 25, geuza mara moja. Hatakuwa mkavu sawasawa na wa mashine, lakini atalia. Fanyeni kazi hiyo nje au penye hewa nyingi, kwa kuwa moshi wa mkaa usioonekana huua watu ndani ya nyumba zilizofungwa.

Kwa hiyo, mama yangu wa Geita, mimi nisingeiuza. Umeme mnao, mashine imekwisha kulipiwa, na karai limekwisha mwunguza mtoto mmoja. Iweke juu ya meza imara, mbali na ukingo, waya usining'inie, kwa sababu kikapu chake nacho huunguza. Ijumaa hii wapikie sato. Mwombe baba aisome mita ya LUKU mwenyewe kabla hujawasha, aisome tena ukimaliza, ndipo umwandalie sahani yake.