Mnyororo Uliolegea Haukatwi

Kuna kauli moja ninayoisikia mno hapa Tabora, nayo ni hii: "Aa, ni baiskeli tu!" Huitoa mwenye gari anapompita mpanda baiskeli na kumwachia wingu la vumbi. Huitoa mwenye duka anapouza mnyororo ambao yeye mwenyewe asingeufunga kwenye baiskeli ya mwanawe. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba huitoa hata mwenye baiskeli, anapomwambia fundi aliyeketi chini ya mwembe, "Kata pingili moja, bwana, niende zangu." Nimeandika kurasa hizi ili kuipinga kauli hiyo, kwa sababu inaumiza watu, na kwa sababu haifai kutoka katika vinywa vya watu wa mji huu.

Nasema watu wa mji huu kwa makusudi. Tabora ilijulikana duniani kwa miguu na mabega kabla ya kujulikana kwa kitu kingine chochote. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, baada ya kutembea tangu Juni kutoka pwani, walikuta soko na makazi ya wafanyabiashara yaliyokuwa yakiishi kwa nguvu za wapagazi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani, aghalabu mzigo wa ratili 60 hadi 70, kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo na kurudi. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mzigo ulipimwa, ukafungwa, ukajaribiwa begani kabla ya safari. Na aliyezidishiwa aliutua chini akagoma, au akatoroka usiku. Reli ilipofika mjini mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914, misafara ile ikafa. Lakini mizigo ya vijijini haikupanda treni. Asali, tumbaku, mkaa, madumu ya maji na mama mjamzito anayekwenda zahanati, yote hayo yalihitaji bega jipya, na bega hilo likawa baiskeli. Raleigh ya Kiingereza, Phoenix ya Kichina, Swala iliyoundwa hapa hapa nchini, zote zimekuwa wapagazi wetu.

Najua pia kwamba neno mnyororo, katika njia hii ya kale, lina historia chungu. Walipita hapa watu waliofungwa shingoni, wakapelekwa pwani wasikotaka kwenda. Mnyororo wa baiskeli ni kinyume chake: humpeleka mtu anakotaka mwenyewe. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuuheshimu.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mnyororo wa baiskeli, ambao mafundi wetu huuita cheni, ni uvumbuzi wa Hans Renold aliyeusajili kule Manchester mwaka 1880. Kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi kamili, na meno ya gia yamechongwa kwa kipimo hicho hicho. Baada ya miezi ya kusafiri katika mchanga wetu, mnyororo hulegea. Watu husema "umevutika," kana kwamba chuma kimekuwa mpira. La hasha! Chuma hakikuvutika. Mchanga umeingia kwenye pini, ukachanganyika na oili chafu ya gari ambayo wengi wetu hupaka kwa ukarimu mkubwa, ukawa kama tupa. Kila pini imeliwa kidogo, na vidogo hivyo vikijumlishwa katika pingili zaidi ya mia moja huwa urefu unaoonekana kwa macho.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ukikata pingili, unapunguza urefu wa mnyororo mzima, lakini hupunguzi urefu wa pingili zilizobaki. Kila moja bado imezidi nusu inchi, na bado hailingani na jino la gia. Kwa siku chache mnyororo utaonekana umekaza, huku ukiendelea kula gia. Kisha utaanza kuruka meno pale unapopanda kilima na mzigo. Utarudi kwa fundi, atakata tena. Bandubandu humaliza gogo, na mwisho utanunua mnyororo na gia zote mbili, ulipokuwa ungeweza kununua mnyororo peke yake.

Dawa yake inajulikana na haina uchawi. Kwanza, pima. Chukua rula ya mwanafunzi yenye inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu nusu inchi 24. Pini ya mwisho ikiwa juu ya alama ya 12, mnyororo ni mzima. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, nunua mpya. Ikizidi kwa milimita tatu, gia nazo zimekwisha kuliwa.

Pili, ikiwa mnyororo ni mzima, vuta gurudumu. Waliounda baiskeli hizi waliacha uwazi mrefu nyuma ya fremu, pale ekseli inapokaa, kwa kazi hiyo hiyo. Legeza nati zote mbili, rudisha gurudumu nyuma, kaza kidogo upande wa mnyororo, nyosha gurudumu mpaka rimu iwe katikati ya fremu, kisha kaza pande zote mbili. Zungusha pedeli polepole mzunguko mzima, maana gia ya mbele mara nyingi si duara kamili, na utaona mahali mnyororo unapokaza zaidi. Hapo ndipo pa kupimia: ukiubonyeza katikati kwa kidole ucheze kama nusu inchi, juu na chini. Ukiukaza kama waya wa simu unaua gololi za ekseli. Ni pale tu gurudumu linapofika mwisho wa uwazi, na mnyororo bado ni mzima kwa kipimo, ndipo kukata kunaruhusiwa.

Mbona basi mafundi hukata tu? Jibu si ujinga, na wanaowaita mafundi wajinga wanawakosea. Nati ile ya nyuma haikushika gurudumu peke yake. Imeshika pia keria, stendi na vyuma vya madigadi. Ukivuta gurudumu, vyote hivyo vinafunguliwa. Na kama breki ni za fito za chuma, raba zake nazo hubidi zipangwe upya, kwa kuwa rimu imehama. Hiyo ni kazi ya mtu makini. Kukata pingili ni nyundo, msumari na dakika tatu. Na sisi wateja tunalipa bei ile ile, tena kwa kubishana. Tunanunua dakika tatu, halafu tunalalamika kwamba hatukupewa ufundi.

Ingekuwa hasara ni fedha tu, nisingepandisha sauti. Liko jambo lililo baya zaidi. Gia ya nyuma ya baiskeli zetu ina friwili, ile inayolia tik-tik-tik unapoacha kukanyaga. Ndani yake mna vimeno vidogo na springi. Vikiisha, pedeli huzunguka bure na baiskeli haiendi. Friwili mpya inahitaji fedha, na fedha ya mkulima huja kwa msimu. Basi hupelekwa kwa mchomeleaji, ikafungwa kwa moto, na baiskeli ikawa na gia isiyoachia: gurudumu likizunguka, pedeli nazo huzunguka, upende usipende.

Gia ya namna hii si ajabu. Baiskeli za mwanzo kabisa zilikuwa hivyo, kabla friwili haijaenea kuelekea mwaka 1900. Wanaoshindana katika viwanja vya mbio za baiskeli huko Ulaya na Japani wanaitumia mpaka leo, na baada ya mwaka 2000 vijana wengi wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani waligeuza baiskeli kuukuu ziwe hivyo kwa sababu ya mtindo. Lakini baiskeli ya mashindano ina nati ya pili, yenye uzi wa kinyume, inayozuia gia isifunguke unapokaza miguu kurudi nyuma. Friwili yetu iliyochomelewa haina nati hiyo. Kwao ni hiari. Kwetu ni ukata.

Tena katika baiskeli ya kawaida mnyororo huvutwa upande wa juu tu. Ukiifunga friwili, mpandaji anapozuia mwendo kwa miguu, mnyororo huvutwa na upande wa chini pia. Ukiwa umelegea hugonga huku na huku kwa kishindo, na siku moja huruka nje ya gia. Ukiruka, moja kati ya mambo mawili hutokea: ama miguu haizuii tena chochote, ama mnyororo unanasa kati ya gia na fremu na gurudumu linasimama papo hapo. Mfikirie aliyepakia magunia mawili ya mkaa akiteremka, au mtoto aliyeketi kwenye keria. Kwa mtu huyu mnyororo ni breki, na kumwacha nao umelegea ni sawa na kumkatia breki.

Kwa hiyo nasema wazi: anayefunga friwili kwa moto asiiachie baiskeli iondoke kabla hajavuta gurudumu, hajapima ulegevu wa mnyororo, na hajahakikisha kwamba breki ya mbele inashika. Asiyeweza mambo hayo matatu asichomelee.

Wapo watakaonijibu kwamba umaskini hauna subira. Nawajibu kwamba rula haina bei ya kumshinda mtu, na kuvuta gurudumu hakuhitaji kipuri hata kimoja. Ni maskini hasa asiyemudu kununua gia mbili badala ya mnyororo mmoja. Wengine watasema zama za baiskeli zimepita, sasa ni za bodaboda. Ndugu zangu, bodaboda inaendeshwa na nini? Nayo ina mnyororo, nao hukazwa kwa kurudisha gurudumu nyuma. Kijana aliyejifunza kwenye baiskeli amejifunza na ya pikipiki.

Nao wasomi wetu wasijifiche. Mji huu una shule zenye sifa. Nyerere alisoma Tabora, na baadaye akafundisha St. Mary's. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha atakayoyaishi. Msuguano, uwiano na vipimo vya milimita vimo katika masomo ya darasani, na baiskeli ya mwalimu imeegemezwa ukutani, mnyororo wake ukining'inia. Nini kinazuia saa moja ya fizikia ifanyiwe pale nje?

Ninachodai ni kidogo. Mteja amlipe fundi kwa kazi ya kuvuta gurudumu, wala asimwamuru kukata. Fundi aweke rula karibu na spana zake, amwonyeshe mteja kipimo kabla ya kugusa nyundo. Mwenye baiskeli afute mnyororo kwa kitambaa kila wiki, atie oili nyepesi tone moja moja, kisha afute iliyobaki nje ili mchanga ukose pa kushika. Na anayeuza mnyororo wa kukatika baada ya mwezi aulizwe hadharani, mbele ya wateja wake.

Mpagazi wa zamani alipozidiwa aliweza kutua mzigo na kusema. Mnyororo hauna kinywa. Husema mara moja tu, na aghalabu husema mteremkoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii wengine wameujenga kwa mifupa yao. Kwa hiyo atakapokuja mtu kuniambia tena kwamba ni baiskeli tu, nitamwomba aipande yeye, na magunia yake mawili, friwili ikiwa imechomelewa, mpaka chini ya kilima.