Mpini wa Taa Ulioachwa na Marehemu

Msomaji wetu mmoja wa Endarasha, mji mdogo ulio chini ya milima ya Nyandarua, upande wa magharibi wa Nyeri, ametuletea barua ndefu pamoja na picha nne. Baba yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitoka pwani akiwa kijana, akafungua kijistudio cha picha huko bara, akaoa, akazaa, na huko huko akazikwa. Mwaka huu sanduku lake la bati limefunguliwa. Imo kamera kubwa ya kukunja, limo bakuli la kung'aa la kurudishia mwanga, na limo bomba la chuma cheupe lipitalo shubiri moja kidogo kwa urefu. Mjukuu wa marehemu, kijana wa miaka kumi na tisa, alipoliona hilo bomba hakukaa chini tena. Asema ndilo mpini wa upanga wa nuru wa filamu ya Star Wars, na ataka kulitoboa na kulibandika vipande ili apate mfano kamili wa ule wa kwenye sinema. Kabla hata hajapata keekee, mtu wasiyemjua amepiga simu. Ataka kulinunua bomba peke yake, bila kamera, na ataka jibu upesi.

Dada yetu atuuliza mambo mawili: je, kijana asema kweli? Na je, afanye nini?

Tuanze na la kijana, kwa kuwa wazee wengi watadhani ni porojo za vijana na sinema zao. Si porojo. Filamu ile ilipokuwa ikitayarishwa Uingereza, kabla ya kuanza kupigwa mwaka 1976, fedha zilikuwa chache, na wapambaji wake hawakuwa na uwezo wa kukibuni kila kitu upya. Mmoja wao, Roger Christian, alikwenda katika duka la vifaa vya picha jijini London kutafuta chochote kitakachofaa, na humo akakuta mipini ya taa za kamera za zamani za kampuni ya Graflex ya Marekani. Aliichukua, akaibandikia vipande vyeusi vya mpira mahali pa kushikia, na kwenye kibano cha katikati akatia ukanda wa vijivimbe vya kioo uliotolewa katika kikokotoo cha mfukoni. Basi. Silaha ambayo ulimwengu mzima uliiona mwaka 1977, na ambayo watoto wa Mombasa na wa Muscat waliiigiza kwa vijiti vya ufagio, ilikuwa ni mpini wa taa ya mpiga picha.

Wapenzi wa filamu walikaa miaka mingi wakizitazama picha zake moja moja ili kukitambua kila kipande. Waliyoyagundua yachekesha. Upanga wa yule mzee Obi-Wan ulikusanywa kutoka kwa kipande cha injini ya ndege ya Rolls-Royce aina ya Derwent, sehemu ya bomu la bunduki la Vita vya Kwanza vya Dunia, na kishikio cha mfereji wa maji wa Armitage Shanks, jina ambalo wengi wetu tumelisoma vyooni na bafuni bila kulitafakari. Upanga wa Darth Vader, adui wao, ulitokana na mpini wa taa ya kampuni ya MPP ya Uingereza. Kwa hiyo kijana wa Endarasha hakukosea kulishika bomba la babu kwa mikono miwili. Lililobaki ni kujua kama alilolishika ndilo hasa, kwani mipini ya taa ilitengenezwa na wengi, na siku hizi wako waundao mifano mipya ya kuuzia wapenzi wa filamu.

Kwanza dada yetu alipeleke bomba penye mwanga wa jua, asome. Maandishi ndiyo shahidi wa kwanza. Mpini wa Graflex huwa na jina la kampuni, na kwenye kifuniko cha chini hutajwa mji wa Rochester, New York. Akikuta neno Folmer limetangulia Graflex, ajue kifaa ni cha zamani zaidi, kwa sababu kampuni iliacha jina hilo mwaka 1945. Akikuta Heiland na mji wa Denver, basi ni kazi ya kampuni nyingine, nzuri na ya enzi ile ile, lakini siyo aliyoichukua Christian. Akikuta MPP, kijana atakuwa ameshika mpini wa adui badala ya ule wa shujaa, na asihuzunike, maana huo nao watafutwa mno. Katika picha ya pili tuliyoletewa twaona herufi tatu juu ya kibano, G na R na A, na nyingine zimezibwa na uchafu.

Hapa twasihi, na twasihi kwa nguvu: uchafu huo usikwanguliwe. Wengi wakipata kitu cha kale hukimbilia msasa au sufi ya chuma, wakakisugua mpaka kikang'ara kama sufuria ya harusi. Herufi za bomba hili hazina kina, na juu ya shaba pana ngozi nyembamba tu ya madini meupe. Ikisuguliwa, ngozi hutoka na herufi huondoka, na pamoja nazo thamani. Kitambaa kikavu cha pamba chatosha, na penye ukaidi, kijiti cha meno cha mti kilichozungushiwa uzi.

Baada ya kusoma, umbo. Mpini wa Graflex tuusemao ni wa betri tatu kubwa za tochi, zile nene, zikipangwa moja juu ya nyingine. Jaribio lake ni jepesi: betri tatu za dukani ziingie bila kulazimishwa, na mfuniko ufunge. Bomba la betri mbili ni jamaa yake, siyo lenyewe. Juu pana masikio mawili yaliyosimama kama ya sungura, ya kushikia lile bakuli la mwanga, na ubavuni pana kitufe chekundu na karibu yake kijicho cha kioo. Katika picha ya kwanza masikio twayaona, na kitufe chaonekana, ila wekundu wake umefifia ukawa kama wa tofali. Hilo halitutii shaka. Linalotutia shaka katika vifaa vya namna hii ni kinyume chake, yaani kila kitu kuwa kipya sawasawa.

Maana uzee wa kweli haulingani pande zote. Mpiga picha alishika mahali pamoja, akabonyeza kitufe kimoja, akalegeza kibano kile kile kila siku, kwa hiyo mpini huchakaa palipochakazwa na kubaki mzima palipofichwa. Chini ya kibano, kikifunguliwa taratibu, pawe na mviringo ulio mweupe kuliko penginepo, kwa kuwa hapakuona hewa. Ndani, kwenye springi, aghalabu pana unga wa kijani au mweupe uliotokana na betri zilizovuja zamani. Kichwa cha skrubu kiwe na mfuo mmoja; akikuta msalaba, aulize lini ilibadilishwa. Kisha atie sumaku: bomba la shaba haliivuti, ingawa springi na baadhi ya skrubu huweza kuivuta. Mwigaji aweza kuchafua bomba jipya kwa chai na chumvi, twamjua, lakini ni nadra akumbuke kuuacha mviringo mweupe chini ya kibano.

Ushahidi ulio mzito kuliko huo wote umo ndani ya sanduku lile lile, na dada yetu ameutaja kwa kupita tu: pamoja na mpini zimo balbu zilizoungua na karatasi za hesabu za studio. Balbu za taa hizo ziliwaka mara moja tu zikafa, na mpiga picha alilazimika kununua nyingine. Pengine stakabadhi za balbu zaonyesha mwaka na duka. Ndiyo sababu tusingependa sanduku litawanywe kabla halijaandikwa lote, kitu baada ya kitu.

Katika nchi yetu wenyewe tunao mfano wa jinsi kitu cha kweli na kitu cha filamu vinavyochanganyika mtu akizembea. Filamu ya Out of Africa ilipigwa Kenya, ikatoka mwaka 1985. Nyumba ya Karen Blixen kule Nairobi, ambayo ni jumba la makumbusho tangu mwaka 1986, imewekwa vitu vilivyokuwa vyake pamoja na vingine vilivyotumika katika filamu, na mgeni asiyeuliza hutoka akidhani vyote ni vya mwenye nyumba. Hata ndege ya manjano inayoruka katika filamu hiyo siyo ya Denys Finch Hatton. Yake ilianguka ikaungua Voi mwezi wa Mei 1931, na yeye akafa ndani yake. Ile ya filamu ni ya aina hiyo hiyo ya Gipsy Moth, ya kale kweli, iliyochukua nafasi ya iliyopotea. Si uongo hata mmoja, mradi kila kitu kiitwe kwa jina lake.

Na kabla ya kufika kwenye mirathi, neno fupi kwa vijana wengine watakaosoma haya wakaanza kuchokora makabati ya babu zao. Silaha nyingine za filamu hiyo ziliundwa kwa bunduki halisi, Mauser ya Kijerumani na Sterling ya Kiingereza. Nchi yetu ilipiganiwa vita huko Taveta na kwingineko, na mabaki yapo. Mwenye kuona bunduki kuukuu, risasi au bomu, hata liwe limeoza kwa kutu, asiliguse wala asilisafirishe, awaite polisi. Sheria ya silaha ya Kenya haina mlango wa wapenzi wa sinema.

Sasa la pili. Dada yetu ameandika "bomba langu" mara tatu katika barua yake. Twamwambia kwa mapenzi: bado si lake peke yake. Kwa maelezo aliyotupa, marehemu ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na wazazi wake walitangulia. Basi mali yote iliyobaki baada ya deni na wasia ikigawanywa mafungu arobaini, mama yao apata matano, kila mwana wa kiume kumi na manne, na yeye binti saba. Kipande cha chuma ndani ya sanduku la bati kimo katika mafungu hayo sawa na shamba na ng'ombe. Kaka zake walioko Mombasa hawajaambiwa. Akiuza leo kwa bei ya kibati, atakuwa ameuza haki ya mama yake pamoja na yake, na mnunuzi apigaye simu akitaka bomba bila kamera huyo ajua anachokitafuta. Mpini kama huu, kwa sababu ya filamu, mara nyingine huombwa bei ipitayo ile ya kamera iliyofungwa nao.

Vilevile kijana hana ruhusa ya kutia keekee ndani ya mali ya warithi wanne, hata nia yake ikiwa njema, nayo twaiona ni njema. Ila twasikitika kuona mtoto aliyempenda babu yake akinyimwa jambo hili kwa neno la hapana peke yake. Basi na afanye hivi: aupime mpini kila upande kwa kipimo cha fundi, achore kwenye karatasi ya miraba, apige picha, kisha aende Nyeri au Karatina kwa wakerezaji wa vyuma wanaotengeneza vipuri vya pampu na vya mashine za kusaga. Kipande cha bomba la alumini na nusu siku ya kazi vyatosha kwa mwili wa mpini. Vipande vya mpira vyapatikana kwa wauza mipira ya milango ya magari. Kikokotoo cha zamani hatumwahidi. Akimaliza, chini ya mpini wake achore jina lake na mwaka, ili miaka hamsini ijayo asije mjukuu mwingine akamuuza kama wa kale.

Dada yetu, mwite mama kwanza, kisha wapigie kaka zako, wawe wote kwenye simu mmoja akisoma na mwingine akiandika orodha ya sanduku. Yule mnunuzi mwambie alete ombi lake kwa maandishi, litaje mpini, bakuli na kamera kila kimoja kwa bei yake, nanyi mtamjibu baada ya kushauriana. Akikataa kuandika, hukupoteza kitu. Na zile betri mlizotia kuujaribu mpini, zitoeni usiku huu huu. Baridi na ukungu wa Endarasha haviwafai.