Taya linapolia "ta!"

Jumamosi moja jioni nilipita kwa mama mmoja mshonaji, jirani yangu hapa Ukonga, kuchukua suruali niliyompelekea kupunguza kiuno. Nilimkuta ameketi mbele ya cherehani yake, kiganja kimeshika shavu, cherehani imenyamaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila leo usitarajie mazungumzo. Kinywa hakifunguki."

Kidogo kidogo alinieleza. Kwa muda wa miezi minne alikuwa akisumbuliwa na maumivu mbele ya sikio la kulia, yakipanda hadi kwenye panja. Mwanzo alidhani ni sikio, akatia matone. Kisha akadhani ni jino, na katika zahanati moja ya mitaani akang'olewa gego ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, halikuwa na tundu wala halikulegea. Jino lilikwenda, maumivu yakabaki. Sasa mteja mmoja alikuwa amemwambia kwamba ipo sindano ya taya. Ukichomwa mara moja, basi. Mama alikwisha kutoa fedha kwenye akiba ya ada ya chuo ya binti yake, akazifunga katika pindo la khanga.

Ndugu msomaji, kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya tundu la sikio, kimoja kila upande. Weka vidole hapo, ufungue kinywa, utakihisi kikitembea. Hakifanyi kazi kama bawaba ya mlango tu, kwa maana hujikunja na pia huteleza kwenda mbele. Na kwa kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, viungo hivyo viwili havina budi kwenda pamoja. Baina ya mifupa ipo sahani ndogo ya gegedu. Ikihama mahali pake husikika mlio, "ta!", na pengine kinywa hukwama. Mlio mtupu usio na maumivu hauhitaji matibabu. Aghalabu kinachouma si kiungo chenyewe bali ni misuli ya kutafunia, iliyochoshwa na kusaga meno usingizini au kuyakaza mchana kutwa kwa sababu ya mashaka ya maisha. Na nani katika mji huu asiyekaza meno mwisho wa mwezi?

Sindano zenyewe zipo, tena za namna nyingi. Ipo ya ganzi, ambayo huchomwa kwenye fundo la msuli. Ipo ya steroidi, ambayo huingizwa ndani ya kiungo kupunguza uvimbe. Hiyo ikirudiwa mara kwa mara yaweza kudhuru gegedu, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari. Ipo ya asidi ya hayaluroniki, inayofanana na ute wa asili unaolainisha viungo. Hali kadhalika ipo sumu ya botulinamu, ile ile itumiwayo na wanaotaka kuondoa mikunjo ya uso. Hulegeza msuli kwa miezi mitatu au minne, kisha nguvu yake ikaisha. Na kuna kuosha kiungo: sindano mbili huingizwa, maji ya chumvi safi yakapita kwa moja na kutokea kwa nyingine. Hiyo si kazi ya kufanyiwa uchochoroni, maana mishipa ya fahamu inayoendesha uso hupita jirani na mahali hapo.

Je, zinasaidia? Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa jopo la wataalamu juu ya maumivu ya taya ya muda mrefu. Yaliyowekwa mbele ni mazoezi ya taya, kukanda na kunyoosha misuli, na ushauri wa kumtoa mgonjwa katika hofu na mkazo wa mawazo. Sindano za steroidi, za hayaluroniki na za botulinamu, pamoja na kule kuosha kiungo, jopo halikuzipendekeza kwa wagonjwa walio wengi, ingawa halikuzipiga marufuku. Lililopingwa vikali ni kuikata na kuiondoa ile sahani. Daktari bingwa wa kinywa na taya aweza bado kuona haja ya sindano kwa mgonjwa fulani. Lakini aamue yeye baada ya kukupima, si mteja wa suruali.

Yapo mambo yasiyongoja ushauri wa jirani. Taya likikaza pamoja na shingo baada ya jeraha, huenda ni pepopunda. Maumivu ya kifua yanayopanda hadi tayani yaweza kuwa ya moyo. Uvimbe wenye homa nao ni wa kukimbilia hospitali. Kinywa kikibaki wazi baada ya mwayo, kiungo kimeteguka, na kukirudisha ni kazi ya mganga aliyefunzwa. Ufundi huo ulikwisha kuandikwa katika Misri ya kale.

Jumatatu tulipanda daladala kwenda hospitali ya serikali. Daktari wa meno, binti mdogo kwa umri, alimtaka mama aingize vidole vyake vitatu baina ya meno ya mbele. Viliingia viwili tu, kwa shida. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, uzi unaukata kwa nini?"

Mama akaonyesha meno yake. Miaka ishirini na tano ya uzi, na pini nazo hushikwa kwa meno.

Hakupewa sindano. Alipewa dawa ya maumivu ya siku chache, akaambiwa ajikande kwa kitambaa cha maji ya moto, aache miwa na mahindi ya kuchoma kwa muda, ashike kidevu anapopiga mwayo, na asiposema wala kula, midomo ikutane lakini meno yaachane. Akafundishwa pia kufungua kinywa polepole mbele ya kioo, ulimi umegusa kaakaa, mara kadhaa kwa siku.

Juzi nilimpitia tena. Mkasi umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa cherehani. Taya bado linalia "ta!", naye bado hulala upande wa kushoto, lakini kidole cha tatu kimeanza kuingia. Ada ya binti imelipwa. Suruali yangu hajaigusa.