Meza ya Chakula si Mahakama



Juma hili tutafakari jambo ambalo wengi huliona dogo mno kuzungumzwa na padri: namna tunavyowalisha watoto wetu wadogo. Katika nyumba nyingi saa ya chakula imegeuka kuwa saa ya vita. Mtoto wa miaka miwili anakaza mdomo, mama anapaza sauti, baba anatafuta fimbo, na bibi anashauri akabwe. Kisha sote twakubaliana kwamba mtoto ndiye msumbufu. Mimi napinga. Aghalabu anayeharibu chakula ni mtu mzima.

Nianze na huko kukaba: mtoto analazwa mapajani, anabanwa mikono, na uji unamiminwa kinywani huku akilia. Wanaoitetea desturi hii husema inanenepesha. La hasha! Huo ni ukatili uliovikwa vazi la upendo. Mtoto anayelia aweza kuuvuta uji katika njia ya hewa, akapaliwa hata kufa, au akaugua nimonia. Akinusurika, amekwisha kujifunza kwamba kikombe ni adui.

Tena, twamdai ale kupita uwezo wa tumbo lake. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba tumbo la mtoto hubeba kiasi cha gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 hubeba takribani mililita 240, yaani kikombe kimoja kikubwa. Ndiyo maana hushauriwa apewe kidogo kidogo: milo 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na milo 3 hadi 4 baada ya hapo, huku akiendelea kunyonya. Kikombe kikiwa kidogo, hatuna budi kukitia kilicho bora. Sisi wa Singida twajulikana nchi nzima kwa alizeti na kuku wa kienyeji. Mafuta twawapangia wasafiri kando ya barabara, kuku na mayai vyapanda basi, na mtoto wetu ameachiwa uji mwepesi usio na hata kijiko cha mafuta wala karanga. Kisha twamchapa kwa kuukataa!

Akina baba, nanyi nisikilizeni. Wengi wenu huchagua saa ya ugali kuwa saa ya kesi: fedha ya mboga imekwenda wapi, nani alimwacha mbuzi akala mahindi. Mtoto haelewi habari ya deni la mbolea, lakini anaielewa sauti yako, na koo lake linafunga. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa (Kol 3:21). Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 11 Novemba 2015, alisema kwamba familia isiyokula pamoja, au inayokaa mezani ikitazama televisheni na simu badala ya kuzungumza, ni familia kwa shida tu.

Wapo watakaoniambia: "Padri, samaki mkunje angali mbichi, sisi tulilishwa kwa fimbo na tukakua." Ni kweli mlikua. Lakini wapo ambao hawakukua, na hao hawapo leo kutoa ushuhuda. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sababu ni nyingi, zikiwemo umaskini na maradhi. Lakini fimbo haijamrefusha hata mmoja. Adabu ifundishwe, ila si kupitia koo la mtoto. Na utulivu, wapendwa, haununuliwi dukani. Maskini na tajiri wote waweza kuwa nao.

Basi tufanye nini? Mdogo alishwe mapema, kabla usingizi haujamshika, badala ya kuamshwa saa tatu usiku ale ugali. Apewe bakuli lake, kwani katika sinia moja wakubwa humaliza naye angali akitafuna, na mama hawezi kujua amekula kiasi gani. Aachwe ashike, amwage, ajipake mlenda. Akikataa chakula kipya leo, apewe tena siku nyingine bila ugomvi. Wengine hukizoea baada ya kukionja mara kumi. Baba naye amshike mtoto, mama aliyetoka shambani apate kula chakula kikiwa bado cha moto. Na sala ya kabla ya chakula iwe fupi. Mungu hachoki kusikiliza, lakini mtoto mwenye njaa huchoka kungoja.

Nawaombeni WAWATA na UWAKA mlijadili jambo hili katika jumuiya zenu. Twaiita familia Kanisa la nyumbani. Kanisa ambamo mdogo kuliko wote hula huku akilia, lajihubiri vibaya.

Nawatakieni Dominika njema.