Mtoto hajaleta medali? Soma kwanza habari za kipa huyu

Mzazi mwenzangu, watoto wetu wanaocheza michezo wanalijua swali moja vizuri sana: "Umeshinda nini?" Mtoto akijibu hajashinda kitu, wapo kati yetu wanaosema basi, muhula ujao abaki na vitabu vyake tu. Kabla hujafika huko, nikusimulie habari za kipa mmoja wa Italia.

Anaitwa Stefano Tempesti, amezaliwa Prato mwaka 1979. Mchezo wake ni polo ya majini. Timu mbili zenye wachezaji saba kila upande hugombea mpira ndani ya bwawa la kina kirefu, robo nne za dakika nane nane, na wanaelea muda wote kwa nguvu za miguu. Ni mchezo wenye heshima kubwa Italia.

Tempesti ana urefu wa zaidi ya mita mbili, na ukimwona utasema urefu ndio uliomfikisha alipo. Lakini majini urefu peke yake haudaki mpira. Kipa hana ardhi ya kurukia. Lazima apige miguu bila kupumzika, kisha ajiinue ghafla mpaka kifua kitoke nje ya maji. Mashabiki wanaona mikono ikizuia mpira. Miguu inayofanya kazi chini, hakuna anayeishangilia.

Sasa tazama miaka yake. Alikwenda Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 21. Italia haikupata medali katika mchezo huo. Athens 2004, hakuna. Beijing 2008, hakuna. Olimpiki tatu, mikono mitupu. Kwa hesabu yetu ya kila muhula, kijana huyu angekuwa ameshaachishwa zamani.

Mwaka 2011, kule Shanghai, Italia iliifunga Serbia 8-7 katika fainali na kuwa bingwa wa dunia. Tempesti alikuwa na miaka 32. Mwaka uliofuata, London, akapata medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya fedha, baada ya kufungwa na Croatia fainali. Rio 2016 akaongeza ya shaba, akiwa na miaka 37, kwenye kikosi kimoja na kipa mwenzake Marco Del Lungo, aliyekuwa na miaka 26. Katikati ya hayo alitwaa vikombe vingi na klabu ya Pro Recco. Ndipo jina lake likawa kubwa.

Sisemi kila mtoto atafika Olimpiki. Wengi hawatafika, na si lazima. Wala simaanishi umlazimishe mtoto kubaki kwenye mchezo anaouchukia. Akikuambia amechoka, msikilize. Ninachosema ni kwamba medali ni kipimo kibaya cha mtoto wa miaka kumi, kwa sababu kwa umri huo bado anajenga miguu.

Hivyo badilisha swali. Akirudi mazoezini muulize, "Leo umeweza nini ambacho juzi kilikushinda?" Ukipata nafasi, nenda ukamtazame akifanya mazoezi, siku ambayo hakuna kikombe wala kelele. Atakumbuka kwamba ulikuja.

Subira huvuta heri, lakini mtoto hujifunza subira kwa mzazi aliye nayo. Tukutane wiki ijayo.