Waranti ya Nyongeza ya Gari: Tulipe au Tuache?



Mwezi huu tunaweka kando mambo ya jikoni na bustani, tuzungumze juu ya gari. Atakayesema kwamba gari ni mambo ya akina baba, tutamwomba atuambie ni nani anayepunguza sukari na sabuni nyumbani pindi gia boksi inapokufa.

Tumepata barua kutoka kwa mama mmoja wa Nkoma, wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Yeye na mume wake wameuza pamba na dengu, wakaongeza na ng'ombe wawili, na sasa wako tayari kununua Probox iliyotumika kutoka kwa muuzaji mmoja wa Mwanza. Nia yao ni kubeba abiria na mizigo kati ya Nkoma na Bariadi mjini. Bei ya gari wamekwisha kukubaliana. Ila muuzaji amewaletea karatasi ya pili, ya waranti ya nyongeza ya mwaka mmoja, kwa shilingi 900,000. Amewaambia kwamba spea zinapanda kila kukicha, na kwamba mwenye karatasi hiyo atalala usingizi.

Baba amevutiwa. Mama anasita, kwa kuwa laki tisa hiyo waliiweka kwa ajili ya binti yao anayekwenda kidato cha tano shule ya mbali. Ni kweli kwamba ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini godoro, sare, nauli na mahitaji mengine hayakufutwa. "Je, nitakuwa nimekosea nikimpinga mume wangu?" anauliza.

Kwanza tumtendee haki muuzaji. Asemaye spea zimepanda hadanganyi. Spea nyingi za magari yetu hutoka Japani, China na Dubai, nazo hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ya Marekani ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, lakini sisi tunaokwenda dukani tunajua kwamba bei ya bushi ikishapanda haina haraka ya kushuka. Magari yenyewe nayo yamebadilika. Zamani fundi wa kijijini aliweza kufungua kabureta kwa bisibisi na kuisafisha kwa petroli, safari ikaendelea. Magari ya siku hizi yana kompyuta na sensa, na mara nyingi fundi hawezi kuujua ugonjwa bila mashine ya kupimia, ambayo yeye mwenyewe hana.

Kwa hiyo hofu ya baba ni hofu ya kweli. Swali ni kama karatasi hiyo inaiondoa.

Hapa yafaa tutofautishe mambo matatu ambayo wengi wetu huyachanganya. Liko la kwanza, dhamana ya kiwanda. Hiyo huja na gari jipya bila kulipiwa pembeni. Kwa magari mengi huwa ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Magari yaliyotumika yanayotufikia huwa yameshapita umri huo zamani. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi Tanzania hatuna katazo hilo. Gari kuukuu hutozwa ushuru zaidi, lakini linaingia. Basi dhamana ya kiwanda ya Probox hiyo ilikwisha huko huko Japani.

La pili ni bima. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kisheria, humlipa yule utakayemgonga. Bima kubwa hulipa pia gari lako likipata ajali, likiungua au likiibiwa. Hakuna kati ya hizo mbili inayolipia injini iliyokufa kwa uzee.

La tatu ndilo hili la muuzaji: unalipa leo ili yeye agharimie matengenezo ya kesho, ikiwa kilichoharibika kimo katika orodha yake. Tunasisitiza neno orodha.

Mama huyu ni mwangalifu, ametutumia na nakala ya karatasi yenyewe. Imeandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo, kurasa nne. Tumeisoma mara mbili. Vilivyomo ni sehemu za ndani za injini na gia boksi. Visivyomo ni hivi: shokapu, bushi, bol jointi, klachi, breki, matairi, betri, rejeta, bomba la moshi, taa, na "uchakavu wowote wa kawaida".

Sasa tujiulize, barabara za Nkoma zinaua nini katika gari? Aliyewahi kufika pande za Itilima wakati wa masika anaufahamu ule udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa unashika tairi kama ugali wa moto. Ukikauka unaacha mashimo na makorongo. Gari linalopita humo kila siku, na abiria waliobanana ndani, na magunia juu, huanza kwa kuvunjika chini: bushi, shokapu, bol jointi. Bomba la moshi hugonga jiwe. Rejeta huziba kwa tope, na dereva asipoangalia mshale wa joto, silinda hedi inapinda. Hapo utasema, injini si imo? Imo, lakini ukurasa wa tatu unasema kwamba madhara ya injini yaliyoletwa na joto kupita kiasi hayatalipwa. Yaani kilichomo ni kile kisichotazamiwa kufa mwaka wa kwanza, na kitakachokufa mwaka wa kwanza hakimo.

Yapo na mengine. Kila kilomita 5,000 gari lifanyiwe sevisi katika gereji yao Mwanza, la sivyo waranti inavunjika. Mama, hebu piga hesabu ya mafuta ya kwenda na kurudi kupitia Bariadi na Lamadi, na siku nzima isiyo na abiria. Gari likifia njiani, gharama ya kulivuta hadi Mwanza ni ya mwenye gari. Matengenezo yakikubaliwa, watalipa yasiyozidi shilingi 1,500,000 kwa mwaka mzima, na 200,000 za kwanza kila mara atazitoa mteja.

Na kuna mstari mmoja, karibu na mwisho, ambao peke yake unatosha: gari likitumika kubeba abiria au mizigo kwa malipo, waranti haifanyi kazi. Muuzaji anajua gari linakwenda kufanya kazi gani, maana wamemweleza. Hata hivyo amewapa karatasi hiyo.

Jambo hili si la Mwanza peke yake. Huko Marekani, ambako waranti za namna hii huuzwa kwa wingi sana, jarida la walaji liitwalo Consumer Reports lilichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwauliza wasomaji wake zaidi ya 12,000 walionunua waranti ya nyongeza. Asilimia 55 hawakuitumia hata mara moja, ingawa kwa wastani walilipa zaidi ya dola 1,200. Hata waliobahatika kuitumia, kwa jumla waliokoa pungufu ya walichotoa. Na mwezi wa Julai 2024 Tume ya Biashara ya huko, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya CarShield imekubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai kwamba matangazo yake yaliwapotosha watu. Tume ilidai kuwa wateja waliaminishwa kwamba matengenezo yatalipwa, kumbe walipofika gereji wengi waliambiwa hayamo. Ikiwa hayo yanawapata watu wenye gereji kila mtaa, mtu wa Nkoma ajihadhari mara mbili.

Si kwamba kila auzaye waranti ni mdanganyifu. Biashara yenyewe ndivyo ilivyo. Muuzaji hukadiria magari mia moja yatamgharimu kiasi gani, akaongeza faida yake, na malipo ya kijana aliyekushawishi, kisha akaigawa hesabu yote kwa wateja mia moja. Kwa wastani lazima watoe zaidi ya watakachopokea, kwani vinginevyo angefunga duka. Ni sawa kulipa hivyo kwa jambo litakaloiangusha nyumba nzima, kama kifo au moto. Ndiyo sababu bima tunaiunga mkono. Lakini kwa bushi na shokapu, ambazo tunajua kabisa kwamba zitakuja, kulipia mapema kwa mtu aliye mbali ni kumpa fedha yetu ya matengenezo aitunze yeye, atukatie na ujira.

Basi, mama wa Nkoma, jibu letu ni kwamba karatasi hiyo msiinunue. Wala usione kwamba unampinga mume wako. Kaeni pamoja jioni mtu mzima yeyote asome ule mstari wa abiria, mwalimu wa shule ya jirani anaweza kuwatafsiria, na baba ataona mwenyewe. Mwanaume aliyeuza ng'ombe wake hapendi kuambiwa "nilikwambia", apewe karatasi.

Kuhusu laki tisa. Binti atapata yake kwanza, hilo hatulijadili. Mahitaji yake yakishatimia, kitakachobaki kianze kazi kabla gari halijanunuliwa. Mtafuteni fundi ambaye hana undugu wala urafiki na muuzaji, mlipeni aende nanyi Mwanza. Aliwashe gari likiwa la baridi, si lile lililopashwa moto kabla hamjafika. Aangalie rangi ya moshi, oili, maji ya rejeta. Alilale chini alitazame tumbo. Aliendeshe hadi gia zote ziingie. Siku moja ya fundi huyo ina thamani kuliko kurasa zile nne. Akisema hapana, iwe hapana, hata kama rangi inang'aa.

Kisha gari lenyewe lijiwekee akiba. Kila jioni dereva anapoleta hesabu, itolewe sehemu ndogo ikae mahali pake, si katika mkoba wa matumizi ya nyumbani. Laki tisa kwa mwaka ni shilingi 75,000 kwa mwezi, kama 2,900 kila siku ya kazi. Mkiweka kiasi hicho hicho, mwezi wa sita mtakuwa na shilingi 450,000 zenu wenyewe, na bushi mtamlipa fundi wa Bariadi siku hiyo hiyo bila kuomba ruhusa ya mtu. Gari lisipoharibika, fedha ipo. Tunakubali kwamba njia hii ina udhaifu wake: injini ikifa mwezi wa pili, akiba haitatosha. Hapo ndipo kikundi cha kuweka na kukopa kinaposaidia, na akina mama wengi wa vijijini wanavyo vikundi hivyo tayari. Lakini ule mfuko wa jamii wa kikundi, wa misiba na maradhi, usiguswe kwa ajili ya gari. Mkope katika hisa kama wengine.

Zipo nyakati waranti ya nyongeza inafaa. Kitu kiwe kipya, kama trekta au pikipiki. Anayeiuza awe kiwanda au wakala wake, mwenye karakana mahali mnapofika bila kulala njiani. Matumizi yenu yawe yametajwa kwamba yanaruhusiwa. Na bei yake iwe ndogo ukilinganisha na spea moja kubwa. Muuzaji akisema nyuma yake kuna kampuni ya bima, aitaje, nanyi mwulize TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kama kampuni hiyo imesajiliwa.

Tena, kuna haki ambazo hamzilipii chochote. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara, mkimweleza kazi mnayoitaka na kuutegemea ujuzi wake, awauzie kitu kinachofaa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, inakataza kumpotosha mnunuzi. Haki hizi huponyoka kwa urahisi. Mkitia sahihi penye maneno "limeuzwa kama lilivyo", mmejifunga mikono. Na kasoro ambayo ukaguzi wenu ulipaswa kuiona, hamtaweza kuidai baadaye. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda na fundi. Katika hati ya mauzo ombeni iandikwe kwamba gari ni la kubeba abiria Nkoma na Bariadi. Akikataa kuliandika jambo analolijua, mtakuwa mmepata habari.

Chukueni risiti ya mashine ya EFD yenye bei kamili, si nusu ya bei. Msisahau leseni ya LATRA na bima ya gari la biashara, maana bima ya gari la nyumbani itawakana siku ya ajali kama ile waranti ilivyotaka kuwakana. Nakala za karatasi zote akae nazo mama, ndani ya bahasha ya nailoni, mbali na mchwa.