Rudi Siku ya Nane

Hapa Mabwerebwere, msiba ukitokea jirani hangoji kuitwa. Turubai linafungwa, masufuria yanaazimwa, akina mama wanafika na kuni kichwani, wanaume wanalala nje na wafiwa. Kisha matanga yanaanuliwa. Turubai likishakunjwa kila mtu anarudi shambani kwake, na mfiwa anabaki na nyumba iliyonyamaza. Tuliofiwa tunajua kuwa uzito wenyewe huanzia hapo.

Toleo hili ni la afya ya akili, na nimependa tulifungue kwa mila za Wayahudi, kwa sababu wao wameuwekea msiba kalenda. Baada ya mazishi mfiwa hukaa nyumbani siku 7, kwenye kiti kifupi. Mlo wake wa kwanza huletwa na majirani, mara nyingi mayai. Mgeni akiingia haanzi kusema. Humngoja mfiwa, na mfiwa akinyamaza, naye hunyamaza. Jambo hilo limenigusa sana, maana sisi huanza na “kazi ya Mungu haina makosa” hata hatujaketi. Siku ya 7 mfiwa hutoka akazunguka mtaa kwa miguu. Maombolezo huendelea hadi siku ya 30 tangu mazishi, na aliyefiwa na mzazi husoma dua iitwayo Kadishi, kwa desturi ya wengi miezi 11. Dua hiyo haisomwi peke yako: lazima watimie watu 10. Mfiwa hana budi kutoka, na wenzake hawana budi kuja.

Moyo huo wa kutomwacha mfiwa peke yake umefika hata nchi jirani. Mwaka 2008 Anne Heyman, mwanasheria Myahudi mzaliwa wa Afrika Kusini, alifungua kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, Rwamagana, Rwanda, kwa ajili ya yatima wa mauaji ya kimbari ya 1994. Alifuata mfano wa Yemin Orde ya Israel, iliyolea yatima walionusurika mauaji ya Wayahudi huko Ulaya. Jina Agahozo maana yake ni mahali machozi yanapofutwa. Kila nyumba ina mama wake. Kijana hutibiwa moyo kwanza, ndipo hufundishwa kuhudumia wengine.

Wala mila za Wayahudi hazimzuii mtu kwenda kwa daktari. Musa bin Maimun, mwanachuoni wao mkubwa aliyefariki 1204, alikuwa tabibu kule Misri, na sheria yao huamuru Sabato ivunjwe ili kuokoa uhai. Basi nasi, anayetaja kujiua apelekwe hospitali leo hii.

Nawe msomaji, matanga yakishaanuliwa, rudi siku ya nane. Keti. Mwache mfiwa aanze kusema.